Kipimo cha Nne

Mama mpimaji wa moyo huikumbatia chupa ya jeli ya kupaka kifuani kwapani mwake kabla mgonjwa hajalala kitandani, isije ikamgusa na ubaridi wake. Mzee muuza nyama aliijua tabia hiyo tangu alipopimwa kabla ya upasuaji. Leo, siku ya sita tangu awekewe vali mpya ya moyo, kilango cha kupitisha damu, iliyotengenezwa kwa tishu ya ng'ombe, alipoiona tena roho ilimtulia kidogo. Mama huyo si msemaji. Hukizungusha kifaa kifuani kwa vidole viwili, macho kayafumba nusu, na kila kipimo hukichukua mara tatu. Ukimuuliza kitu kabla ya cha tatu, ataguna tu.

Damu ikasikika ikipita kwenye vali, fyuu, fyuu. Akapima, akaandika. Akapima tena, akaandika. Baada ya cha tatu akaweka kalamu chini, kisha akakirudisha kifaa palepale. Muuza nyama akalishika shuka.

"Kuna nini, mama?"

"Toa pumzi, ukae hivyohivyo."

Akaongeza sauti ya mashine, akainamisha kichwa. Hatimaye akampa kitambaa ajifute.

"Zamani damu yako ilipita kwa kusukumana. Sasa inapita kwa nafasi."

"Basi ng'ombe wamenisamehe," mzee akasema, akicheka kwa kujishika kidonda. "Lakini mbona umepima mara nne?"

"Nilipima tatu," mama akajibu, akiirudisha chupa kwapani. "Hiyo ya nne nilikuwa nasikiliza tu damu inavyopita."