Namba Iliyokataa Homa Bay

Mimi si mtu wa subira, na miaka ile ya tisini nilikuwa mbaya zaidi. Nilikuwa kibarua katika karakana ya simu pale Migori, mwanamke peke yangu kati ya wanaume, nikirekebisha mashine za kupimia laini. Binti yangu wa miaka minne aliishi Uriri kwa mama, kwa sababu kibarua hapewi nyumba. Mimi nililala sebuleni kwa dada yangu. Nikiandikwa kazi ya kudumu ningepewa chumba na jiko, na mtoto angekuja. Hilo tu ndilo nililotaka.

Siku ya kujaribiwa nikapelekwa Homa Bay. Mhandisi wa huko, kijana mwenye tai, alikuwa na kompyuta mpya na mashine mbili za kupimia zilizounganishwa nayo kwa waya mnene. Kila mashine lazima iwe na namba yake, ndiyo anwani ambayo kompyuta huiitia. Hizi mbili zilikuja zote na namba tano, kwa hiyo zikiitwa zinajibu pamoja na hakuna kinachosikika.

"Zitenganishe kabla ya chakula cha mchana," akasema, "halafu tuongee mambo ya barua yako ya kuandikwa kazi."

Nikacheka kimoyomoyo. Kazi hiyo nilishaifanya Migori mara nyingi. Nyuma ya mashine kuna viswichi vidogo kama punje za mchele. Unavisukuma kwa ncha ya kalamu, basi. Nikaipa moja namba saba. Kompyuta ikaita saba. Kimya. Nikajaribu tisa, nikajaribu kumi na moja, wapi! Jasho likanitoka. Nikaitukana ile mashine kwa Kijaluo, mhandisi akakohoa na kutazama saa.

"Madam, una uhakika umewahi kufanya hii kitu?"

Aka! Kidogo nimrushie kalamu. Lakini hasira yenyewe ilikuwa woga mtupu. Niliogopa kurudi kwa mama mikono mitupu, mtoto anishike gauni nikiondoka tena.

Dereva wetu, mzee niliyetoka naye Migori, alikuwa amekaa mlangoni na kikombe cha chai.

"Nyar Uriri," akasema, maana aliniita hivyo siku zote, binti wa Uriri, "hawa watu wamebarikiwa. Tangu asubuhi stima haijapotea hata mara moja."

"Tuna betri, mzee," mhandisi akajibu kwa maringo. "Hapa haipotei."

Mikono ikanisimama. Kwetu Migori umeme ulipotea kila siku, siku nyingine mara tatu kabla ya saa saba. Unasukuma viswichi, stima inaenda, unangoja, inarudi, namba imeshika. Mwaka mzima nilidhani ni ufundi wa vidole vyangu. Kumbe mashine husoma namba yake inapowaka tu, na sisi hatukuwahi kuizima wenyewe, tulizimiwa.

Nikaizima. Nikahesabu hadi kumi, nikaiwasha, nikamwambia aite kumi na moja. Ikajibu. Akaita tano, nayo ile nyingine ikajibu. Yaye! Nilikaa chini sakafuni.

"Umefanya nini?"

"Nimeizima, nikaiwasha."

Akalegeza tai yake. "Zilinishinda wiki nzima," akasema.

"Ati? Na ulikuwa unanitazamia saa!"

Tukacheka mpaka mzee akaja kuona kuna nini. Barua ikaandikwa palepale, pamoja na fomu ya nyumba.

Jioni ile nilimwomba mzee asimamishe gari Uriri. Mama alikuwa anaanua mahindi. Nikamwambia afungashe nguo za mtoto, akaacha mahindi yote uani. Nyumba ilichukua wiki mbili kutoka, na tulibanana sebuleni kwa dada, lakini sikujali hata kidogo.

Jioni hiyo mtoto alisimama mlangoni, akaniuliza kama alivyozoea, "Utalala, ama unarudi?"

"Narudi," nikamwambia. "Leta viatu vyako."