Msamaha Wenye "Kama"

Juzi nilikuwa kwa fundi wa simu hapa Voi, nikingoja kioo cha simu yangu kibadilishwe, mama mmoja kutoka Rukanga alipoweka simu yake kwenye kaunta.

"Nitolee hii app ya ndovu," akasema.

Fundi akashangaa. App hiyo huwaonya wakulima ndovu wanapokaribia mashamba, na wengi huisifu.

"Kwani imeharibika, mama?"

"Haijaharibika. Aliyeitengeneza ndiye aliyeandika kwamba wanawake wa vijijini wapewe majembe, simu zitawachanganya. Binti yangu amenionyesha."

Jamaa mmoja mwenye tai akaingilia. "Hayo ni ya zamani, mama. Alishaomba msamaha mtandaoni."

"Alisemaje?"

Jamaa akatafuta kwenye simu yake, akasoma: "Kama kuna aliyeumia, naomba radhi."

"Kama?" Mama akacheka kidogo, bila furaha. Kisha akaichukua simu yake kutoka mkononi mwa fundi. "Basi iache. Ndovu wakija watakula mahindi yangu, si yake."

Akafungua sehemu ya kutuma maoni kwenye app hiyo, akabonyeza kurekodi, akasema polepole: "Mimi ni mkulima wa Rukanga. Niliumia. Sasa omba tena."

Akatuaga, akaenda zake.

Fundi na jamaa wa tai wakabaki wakibishana iwapo mtu yule anastahili kusamehewa. Nami nilikuwa na maoni yangu, tena makali. Kati yetu watatu, hakuna aliyekuwa ametukanwa.