Mama Mkwe Alikuja Peke Yake

Nauza maharagi katika soko la Mabanga, hapa Goma, na kazi hiyo imenifundisha jambo moja kuhusu watu wakimya: usiwaulize kitu. Ukimuuliza mtu mkimya kama anataka, anatikisa kichwa na kwenda zake, unabaki na kopo lako la kupimia mkononi. Mtu mkimya unamwambia uongo, kisha unangoja. Amesimama mbele ya meza anachambua punje kwa kidole, hana neno. Wewe unasema, bila hata kumtazama, kwamba maharagi haya yametoka Rutshuru. Hapo hawezi kuvumilia. "Wapi! Haya ni ya Masisi, miye ninayajua." Basi, mdomo umefunguka. Mtu akishakusahihisha anajiona yuko kwake, na mtu aliye kwake hununua.

Hata mume wangu nilimpata hivyo. Alikuwa mwashi, kijana wa Masisi aliyejenga kuta kwa mawe meusi ya volkano, na kwa ukimya hakuwa na mwenzake katika mtaa mzima wa Katoyi. Nilipita nikamwambia ukuta wake umepinda. Alishuka, akaleta timazi yake, akanionyesha kwamba haukupinda. Alinionyesha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na mwaka uliofuata tulikuwa tumeoana. Mimi ni Mnande wa Butembo. Kwetu ukinyamaza wakati wa chakula watu wanakuuliza unaumwa wapi. Lakini ukimya wake haukunichosha. Nilikuwa naongea, yeye anacheka kwa macho, na nyumba inajaa.

Vita ilipopanda tena huko Masisi alimtumia mama yake habari ashuke Goma. Mama akakataa. Akatuma tena, mama akajibu kwamba hakukulia mjini. Basi mume wangu akasema atakwenda kumleta mwenyewe, kwa sababu mama ni mmoja. Sikubishana naye. Nilimfungia viazi vya njiani, akapanda gari la kuelekea Sake, na simu yake ikazimika siku ileile.

Mama mkwe alifika wakati barabara imejaa watu wenye magodoro kichwani na kuku kwapani. Aliuliza njia mpaka akatufikia Katoyi. Alikuja peke yake. Miguu yake ilikuwa imevimba, na kwenye upindo wa kikwembe chake palikuwa na tope lililokauka. Nilitazama nyuma yake, barabarani, nikingoja kuona koti la mume wangu.

"Mama, bwana yangu iko wapi?"

"Anakuya."

"Anakuya na nani? Mulimuacha fasi gani?"

Aliomba maji. Nikampa, akanywa, akarudisha kikombe, na hapo mazungumzo yetu kuhusu mtoto wake yakaishia.

Nilizunguka kwingine kote kwanza. Nilikwenda kwenye kambi za turubai nje ya mji, nikaulizia watu wa kijiji chao. Wengine walikuwa wamekimbilia upande wa pili wa milima, na wale niliowakuta walikuwa wametoka mapema, hawakujua lolote. Niliuliza madereva. Kila mtu alinipa pole, na pole haileti mtu nyumbani. Nilielewa kwamba katika dunia nzima kuna mdomo mmoja tu unaojua mume wangu yuko wapi, na mdomo huo unakula bugali yangu kila jioni.

Basi nikaanza kuufanyia kazi. Nilimwambia kwamba Masisi wanapanda maharagi baada ya kuvuna mahindi. "Apana," akasema, "vinapandwa pamoja." Nilitia sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, chumvi mapema makusudi, akasema mapema mno. Nilisema mvua ya huko kwao ni ndogo kuliko ya Goma, akaguna kwa dharau na kunieleza mvua ya kwao karibu dakika nzima, na mimi nikaona tunaelekea pazuri. Ndipo nilipoanza kumsogeza, taratibu, kama mtu anayemvuta mbuzi mkaidi: "Kumbe mulishuka kwa gari." "Kwa miguu." "Lakini mulipita porini, si barabarani." "Barabarani." "Naye alikuwa amebeba shuka lile la buluu."

Aliinuka, akaenda jikoni kugeuza makala ya moto ambayo hayakuhitaji kugeuzwa. Kila nilipomgusa mtoto wake uongo wangu ulianguka chini na hakuna aliyeuokota.

Nyumba zetu ni za mbao, na kati yangu na jirani kuna ubao mmoja tu wenye matundu ya misumari. Jirani huyo ni mama mwenye mapafu makubwa na roho nyepesi, akikohoa kwake chungu changu kinatikisika. Asubuhi moja aliniuliza, mbele ya watu waliokuwa wanachota maji, "Jioni unaongeaka na nani? Miye ninasikiaka sauti moja tu." Watu wakacheka. Akaongeza kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, nimwangalie vizuri yule bibi. Nilicheka nao, kisha nikabeba bidoni langu la maji nikiwa na hasira mpaka masikio yanauma.

Maana nilikuwa nimeshaanza kuelewa. Kwetu, aliyeona kifo ndiye anayekibika, anayekitangaza kwa watu. Mpaka aliyeona aseme, hakuna kilio, hakuna misa, hakuna kunyolewa nywele. Mke anabaki mke na nyumba inabaki nyumba. Na sisi hatukuwa tumepata mtoto. Siku nitakapoitwa mjane, mimi na yule mama hatuna tena kitu kinachotuunganisha: mimi nafunga mizigo narudi Butembo kwa ndugu zangu, yeye anakwenda kulala chini ya turubai juu ya mawe. Mambo hayo hatukuyasema, lakini tuliyajua wote wawili kila nilipompakulia. Ama mume wangu alikuwa hai mahali fulani, ama mama yake alikuwa anakula na kulala juu ya neno ambalo hajalitoa. Nilitaka nijue ni lipi. Usiku niliiweka mito miwili kitandani na sikujua kama mmoja ni wa mtu au wa mzimu.

Nilivumilia mpaka mvua za pili. Kisha Jumapili moja, tumetoka misa, mchana mweupe, nikaamua kutumia uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kumwambia mtu.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni anachambua mboga ya lenga-lenga. Nilisimama mbele yake na kupaza sauti.

"Mama, kuna habari! Dereva mumoja ametoka Sake asubuhi. Ameonana na mutoto wako. Iko muzima kabisa. Anakuya kesho!"

Nilitaka yeye asikie habari za huyo dereva. Sikufikiria kwamba ubao una masikio. Mtu aliyezaliwa ndani ya nyumba za mbao hasahau jambo hilo, na mimi nililisahau kwa sababu ya hamu. Kabla mama mkwe hajainua uso, jirani alikuwa ameshapiga vigelegele upande wa pili mpaka mbao zikalia. Akaja mbio na sahani ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wa moto bado, mafuta yanachuruzika, amefunga kikwembe nusu.

"Mungu ni mukubwa! Hizi ni za bwana, mumuwekee! Mama, simama! Mutoto anakuya na weye umekaa?"

Akamshika mkono akamwinua, sahani bado iko katika mkono wake mwingine. Majani ya lenga-lenga yakamwagika. Akaanza kumchezesha pale pale, akiimba wimbo wa kanisani, na yule mzee akawa anachezeshwa, shingo imelegea, miguu inaburuzwa. Watu wa barabarani wakasimama. Mmoja akaanza kupiga makofi, na mimi pia nikapiga. Nilimtazama usoni na kupiga makofi, kwa mdundo, kwa nguvu, huku nikisema moyoni: sahihisha basi. Nisahihishe, mama.

Alinitazama. Tangu aje alikuwa anatazama mikono yangu, au chungu, au mlango. Siku hiyo alinitazama machoni na akajua ninachofanya.

"Hatakuya," akasema.

Jirani alikuwa bado anaimba.

"Hatakuya! Nilimufunika miye mwenyewe, na majani ya mugomba. Hapana mutu mwingine alikuwa pale."

Sahani ilianguka. Jirani alishika kichwa, akatoka nje akilia kwa sauti ileile aliyoimbia, na barabara nzima ikaitikia. Hivyo ndivyo mume wangu alivyobikwa. Tulibaki wawili ndani, tumesimama juu ya sambaza. Mimi sikulia. Nilikuwa na swali moja tu.

"Alikufa namna gani?"

Akasema polepole, kama mtu anayelipa. Walikuwa wameshatoka. Walikuwa wameshavuka mto, risasi ziko mbali, mtoto wake anambebea mzigo. Akakumbuka mbuzi. Mbuzi jike mwenye mimba, amefungwa nyuma ya nyumba, na akifungwa atakufa kiu. "Nilimwambia arudi amufungue. Akasema: mama, tuache. Nikamwambia: basi nitarudi miye." Mtu mkimya hashindani na mama yake. Alirudi yeye, na mama alipomfuata alimkuta amepigwa risasi nyuma ya nyumba.

"Na mbuzi?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Nilikuta amekata kamba. Hakukuwa tena."

Watu wa shirika letu la kanisani wakaingia kabla sijasema neno.

Kilio chetu kilikuwa cha watu wengi, bila maiti, chini ya turubai la kukodi. Mjane kwetu anakaa kwenye mkeka, ameelekea ukuta, wala haongei. Wengine wanamsemea mpaka kilio kivunjike. Niliketi. Na nyuma yangu, kwenye kiti alichopewa kwa heshima, mama mkwe akaanza kuongea. Haki ya Mungu, aliongea! Mtu niliyemtolea maneno kwa koleo miezi yote ile alikuwa na hadithi kwa kila mgeni. Kwa mapadri alikufa akisali. Kwa waashi wenzake alikufa akiwa amembeba mama yake mgongoni. Kwa wanawake wa sokoni alikufa akilitaja jina langu, wakanigeukia wakalia juu ya mabega yangu. Walimwita mama jasiri. Katika hadithi zake zote hapakuwa na mnyama hata mmoja.

Mimi nilitazama mbao na misumari yake. Ningegeuka na kusema neno moja, mbuzi, na wangemtoa kwenye kile kiti. Nilikuwa nalo mdomoni, chungu kama kwinini. Lakini niliona kwamba nikilisema pale litakuwa la watu wote; watamlaani wiki mbili, kisha watamhurumia, kwa sababu ni mzee na ni mama, na huruma ya watu ingemfunika vizuri kuliko yale majani. Nikalibakiza.

Kilio kilipovunjika ndugu zangu walipiga simu kutoka Butembo: rudi nyumbani, huko umebaki na nani? Nikasema nitaona. Asubuhi yake nilimkuta mama mkwe ameketi mlangoni. Alikuwa ameoga. Vikwembe vyake viwili, bakuli na rozari alikuwa amevifunga katika shuka, na kifurushi kiko magotini. Alikuwa anangoja nimwambie aende.

"Mwana," akasema, "sema sasa."

Nilichukua kopo langu, nikapita kando yake, nikaenda sokoni.

Jioni niliporudi alikuwa amekifungua, amepika. Nikala. Alinieleza kwamba jua lilikuwa kali, kwamba jirani amefiwa na kuku, kwamba maharagi yamechelewa kuiva. Nilitafuna. Akauliza kama soko lilikuwa zuri. Nilinawa mikono nikaenda kulala. Kesho yake asubuhi kifurushi kilikuwa tena magotini.

Majirani wananisifu. Wanasema mkwe wa namna hii hayupo tena, mjane asiye na mtoto anamtunza mama wa marehemu kama amemzaa. Padri alinitaja kanisani, na mama mkwe akainamisha kichwa akalia kwa sauti. Namnunulia dawa za presha. Namkatia kipande kizuri cha samaki. Mablanketi yake ni mazito kuliko yangu. Wale wanaosema kwamba hasira huisha hawajui wanachosema, au labda hawajawahi kufiwa kwa ajili ya mbuzi.

Bado yuko. Amezeeka, vidole havifungi vizuri fundo, lakini kila asubuhi analifunga na kuketi mlangoni, na kila jioni analifungua. Wakati mwingine ananishika upindo wa kikwembe ninapopita. "Nikae? Niende? Sema hata kimoja, mwana wangu." Ninao mdomo unaowafungua watu wakimya wa soko zima la Mabanga, na neno lenyewe ni fupi. Nautoa upindo wangu vidoleni mwake, polepole, nisimuumize, na sisemi.