Lita Moja ya Kupeleka Kalenga

Nilikuwa muuzaji katika duka la meli ya kitalii, upande wa pombe. Abiria akinunua chupa hakuondoka nayo. Tuliifunga, tukaibandika namba ya chumba chake, ikakaa stoo mpaka jioni ya mwisho ya safari. Jioni hiyo walikuja wote kwa pamoja, na kila mmoja alikuwa na swali kuhusu forodha ya kwao. Nikivuka na mbili watanishika? Mvinyo unahesabiwa pamoja na pombe kali? Mke wangu naye ana fungu lake? Nikajikuta nazijua sheria za nchi ambazo sikuwahi kukanyaga zaidi ya bandarini. Mtanzania hakupita hata mmoja, kwa hiyo ya kwetu hakuna aliyeniuliza, na mimi mwenyewe sikuwahi kuitafuta.

Wakishachukua mizigo yao nilifunga duka, nikashuka kwenye kachumba nilikokuwa nalala na msichana mmoja Mfilipino. Tulielewana kwa mambo ya kazi na zamu ya kuoga. Zaidi ya hapo kila mtu aligeukia ukuta wake.

Mkataba ulipokaribia kuisha nilimwambia baba kwa simu narudi likizo. Tangu mama afariki, baba alikuwa anaishi peke yake Kalenga, kijijini kwetu Iringa, na mimi mazishi sikuyawahi. Nilikuwa katikati ya maji.

"Hiyo pombe unayouza," akauliza, "wanakunywa watu gani?"

"Watu wa kawaida tu, baba. Wengine wazee kama wewe."

Akacheka. "Basi niletee kachupa. Huku kilabuni hawaamini kama nina mtoto baharini."

Kaka yangu, ambaye tumezaliwa naye wawili tu, ana duka la spea Mbeya. Nilipomwambia, akasema, "Na ya kwangu usiisahau." Nikanunua chupa mbili za wiski, za lita moja moja. Jioni ya mwisho nilipanga foleni nyuma ya abiria, na mwenzangu wa zamu akanikabidhi za kwangu. Nilizipokea kwa mikono miwili.

Uwanja wa ndege Dar, afisa wa forodha alikuwa dada wa rika langu.

"Umebeba pombe?"

"Ndiyo, chupa mbili."

"Za ukubwa gani?"

"Lita moja moja."

"Pombe kali bila ushuru ni lita moja tu, dada. Hiyo nyingine uilipie au uiache."

Nikamwambia natoka melini, na kwamba kazi yangu ilikuwa kuuza hizo hizo. Akainua uso. "Unauza, halafu ya kwenu huijui?" Hakusema kwa ubaya.

Hela niliyobaki nayo ilikuwa ya kunifikisha Iringa. Chupa zilifanana kama mapacha, lakini nikaona kabisa kwamba ninayoisogeza kwake ni ya kaka. Akaiweka kwenye shelfu nyuma yake, penye nyingine nyingi zilizoachwa na watu kama mimi.

"Haya, karibu nyumbani," akasema.

Alikuwa mtu wa kwanza kuniambia hivyo. Nikakaza macho kwenye begi mpaka nikatoka nje.

Kalenga baba hakusubiri. Siku ya pili mchana aliwaita wazee wenzake, wakakaa nje juani, maana ndani kulikuwa na baridi. Akawamiminia kwenye vikombe vya chai. Mmoja akakunja uso, akaomba maji ya kuchanganyia. Mwingine akasema inaunguza kama dawa ya kidonda. Waliniuliza maswali kwa Kihehe, haraka haraka, na Kihehe changu kilikuwa kimechakaa. Nilielewa nusu, nikajibu kwa Kiswahili.

"Huyu ni wa kwako kweli," mmoja akamuuliza baba, "au umemkodi?"

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka.

Chupa ilipoisha, mmoja akasema sasa twendeni tukanywe pombe. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ulikuwa umekolea msimu ule. Baba akachukua fimbo yake. "Narudi sasa hivi, mwanangu," akasema, akaondoka nao. Niliosha vikombe, nikavifuta, nikaingia jikoni kwa mama. Hakuna aliyekuwa amesogeza kitu humo. Nikakaa kwenye kigoda chake mpaka jua likazama, na baba alikuwa hajarudi.

Kaka nilimwambia kwa simu kwamba chupa yake imebaki forodhani. "Basi sawa," akasema, na sauti yake haikuwa sawa. Wiki iliyofuata nikapanda basi kwenda Mbeya.

Nilipokelewa vizuri. Wifi alipika wali na nyama, watoto wakanisalimia. Kisha mdogo wao akamuuliza mama yake, "Mgeni atalala wapi?"

"Siyo mgeni," kaka akamwambia. "Ni shangazi yako."

Watoto walipoingia ndani kulala, tukabaki wawili sebuleni.

"Siyo chupa, dada," akasema. "Mimi hata wiski sinywi sana. Ila mama alipokuwa anaumwa, barabara ya Iringa niliimaliza peke yangu. Hospitali mimi, dawa mimi, jeneza mimi. Nilitaka siku moja kitu kitoke mbali kifike kwangu."

Nilitaka kumwambia kuhusu kile kigoda, na kuhusu kulala nimegeukia ukuta, lakini niliona ningekuwa naweka mzigo wangu juu ya wake. Nikasema, "Pole, kaka." Akaitikia kwa kichwa.

Asubuhi hakufungua duka. Akasema twende wote kwa baba. Tulipita mashamba ya mpunga ya Usangu, halafu ubaridi wa Makambako ukaingia, akanipa koti lake bila kuniangalia. Tulimkuta baba shambani anapalilia maharage. Hakushangaa. Akatuonyesha majembe yalipo, tukapalilia naye mpaka jioni, watatu, kila mtu kwenye mstari wake.

Kaka aliondoka kesho yake. Mimi niliondoka likizo ilipoisha, nikasaini mkataba mwingine, kwa sababu kazi nyingine sina.

Siku hizi tukitia nanga mahali penye mtandao, nampigia kaka. Anapokea kila mara. Tukishasalimiana maneno yanatuishia, lakini hakati. Anaiweka simu juu ya kaunta na kuendelea na kazi, na mimi nakaa hapo kwenye ngazi za chini za meli nikisikiliza watu wa Mbeya wanauliza breki, wanauliza plagi, wanaomba wapunguziwe bei.