Losheni Ndani ya Birika la Mama Mkwe

Mnaonijua mnajua mimi si mtu wa kuona haya ovyo. Nimewahi kuanguka kwenye matope hapa Kianda, Kibera, mbele ya kwaya nzima nikainuka nikaendelea na safari, lakini aibu ya Gatina ni nyingine kabisa, na kwa vile kila asubuhi baridi ikiuma rafiki yangu Barasa hunipitia mlangoni akauliza, "Wekesa, maji yamechemka?" na ploti yote inaangua kicheko, afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjaipata kwake na chumvi zake.

Mimi ni fundi wa viti. Natengeneza sofa, na gundi na msasa havijui huruma, mikono yangu ni kama gome la mti hata wakati wa joto. Sasa ongeza Julai ya Nairobi, ile baridi ya asubuhi inayoingia hadi kwenye mifupa, ngozi inaparara mpaka unaweza kuandika jina lako kwenye mguu kwa ukucha likasomeka. (Mimi nimeandika. Lilisomeka vizuri tu.)

Jumamosi hiyo nilikuwa natakiwa Gatina, kwa kina Mwende, nionekane kwa mara ya kwanza. Mwende nampenda, nasema bila aibu maana aibu yenyewe bado iko mbele, lakini mjomba wake Musyoka, aliyemlea tangu baba yake afariki, alikuwa ameshaanza kunung'unika. Hakunijua jina, aliniita "kijana wa Kibera", na alimwambia Mwende wazi kwamba ananipa siku moja, akiniona sina maana basi habari yangu isirudi tena katika nyumba ile. Siku moja! Na Mwende ni mtu wa kuwasikiza wakubwa wake, nilijua mjomba akisema hapana, yeye atalia lakini hatavuka neno lake.

Kwa hivyo nilijiandaa. Nilimnunulia mama yake birika la stima, jipya, ndani ya boksi lake, linang'aa mpaka unaweza kuchania nywele humo, kwa sababu Mwende aliniambia mama huamka kuwasha jiko la makaa kwenye korido na baridi yote ile. Barasa akakubali kunisindikiza, maana kwa wakwe huendi peke yako kama mtu aliyekuja kusoma mita.

Asubuhi nikapasha maji ya kuoga, gesi ikaisha papo hapo. Sawa. Nikaoga. Nikachukua losheni yangu, ile ya harufu ya kokoa, nikaigeuza, nikaipiga matako, haitoki. Imeganda. Kidogo nilichofanikiwa kukikamua nilikipaka kifuani nikaruka kama niliyemwagiwa barafu. Na miguu ilikuwa nyeupe, na mjomba alikuwa akinisubiri, na jicho langu likaangukia lile boksi.

Nikajiambia ni dakika tu. Nikabandua gundi polepole, nikatoa birika, nikatia maji, nikatumbukiza chupa ya losheni humo ndani, nikawasha. Barasa akaniita nje nimwambie kama tai imekaa sawa (haikuwa imekaa sawa, alikuwa ameifunga kama kamba ya mbuzi), tukarekebisha, tukacheka, na niliporudi ndani birika lilikuwa limechemka likajizima, chupa imepinda, kifuniko kimefunguka na maji yamekuwa meupe kama maziwa.

Losheni iliyobaki kwenye chupa ilikuwa na joto tamu, sitawadanganya, nilijipaka kuanzia shingo hadi vidole vya miguu nikajisikia mtoto wa tajiri. Birika nikalimwaga, nikalisuuza. Kwa maji baridi. Bila sabuni, kwa sababu niliogopa litanuka sabuni! Nikalipangusa na fulana, nikalirudisha kwenye boksi, nikabandika gundi upya, nikamwonyesha Barasa. Akasema hata mwenye duka hawezi kujua.

Tukafika Gatina. Nyumba yao iko juu ghorofani, sebule imejaa, mjomba Musyoka kwenye kiti kikubwa, shangazi Kalekye kando yake, na majirani wawili watatu waliokuja "kusalimia tu". Mama mkwe hakuwepo sebuleni. Kwa Wakamba, kama kwetu Waluhya, mama na mkwe wake hawasogeleani, hakuna kupeana mkono wala kutazamana hivi hivi, na mama ni mtu wa kushika mila, kwa hivyo alikuwa nyuma ya pazia la chumba cha kulala, akisikia kila kitu.

Mazungumzo yalianza vizuri. Mjomba akaniuliza kazi, nikajibu. Akakigonga kiti alichokalia akaniuliza mbao gani hiyo, nikamwambia, akaguna ule mguno wa mtu anayeanza kulainika. Mwende akatabasamu. Hapo nikaona ndio wakati, nikatoa zawadi.

"Aii, birika ya stima!" Shangazi Kalekye akalichukua. "Wacha tuijaribu hapa hapa. Vitu za siku hizi ni feki, ikikataa kuwaka ni yeye ataenda kugombana na Mhindi wa duka, si sisi."

Nikasema, "Shangazi, hiyo mngeosha kwanza..." lakini sauti ilitoka kidogo sana, na maji yalikuwa yameshatiwa.

Likaanza kunguruma. Kisha harufu. Kokoa, polepole, mpaka jirani mmoja akauliza nani anapika keki. Kisha mdomo wa birika ukaanza kutoa povu, povu jeupe linateremka mezani, shangazi akasema labda ni upya wake, akamimina maji kwenye vikombe vya majani na sukari, strungi safi isiyo na maziwa, na juu ya kila kikombe macho ya mafuta yakielea yakinitazama mimi.

Mjomba akanywa wa kwanza. Akameza. Midomo yake ikang'aa.

"Hii maji imewekwa nini?"

"Musyoka, usimeze tena!" Shangazi akasimama. "Hiyo ni dawa! Ametuletea dawa tumkubali!"

"Wueh," mjomba akasema akiweka kikombe chini. "Watu husema ni sisi Wakamba tuko na kamuti. Leo uchawi umepanda basi kutoka Magharibi ukateremka Gatina."

Hakuna aliyecheka. Barasa akaninong'oneza, "Sema imetoka dukani hivyo. Sema!" Na ingekuwa rahisi. Lakini nilimwona Mwende, macho yamemjaa, anamtazama mjomba, na nikajua nikidanganya, neno "dawa" litabaki katika nyumba hii, na ni yeye atakayelibeba. Nikasimama.

"Mjomba, si dawa. Ni losheni."

"Losheni ya nini?"

"Ya kujipaka. Nilikuwa nimeparara."

"Ukaipika?"

"Niliipasha tu. Ilikuwa imeganda."

"Ndani ya zawadi ya mama mkwe wako."

"Ndiyo, mjomba."

Akanyoosha mkono. "Leta hapa." Nikampa mkono wangu, akaunusa. Akanusa kikombe. Akanusa mkono tena, akampa shangazi naye akanusa, majirani wakasogea wakanusa, nimesimama katikati ya sebule kama samaki sokoni watu wanapima kama ameoza.

"Ni yeye," shangazi akasema mwishowe akiketi. "Ni yeye kabisa. Tumemnywa."

Halafu nyuma ya pazia nikasikia mtu analia, nikasema basi, yameisha. Lakini hakuwa analia. Mama mkwe alikuwa anacheka, anacheka mpaka kitanda kinalalamika, na kicheko chake kikamshika Mwende, kikamshika Barasa, kikamfikia mjomba ambaye alijaribu kukizuia akashindwa, akajifuta midomo kwa kitambaa na machozi kwa kitambaa hicho hicho.

Pazia likasogea kidogo. Ukatoka mkono peke yake, umekauka, umepasuka vidoleni kwa baridi na makaa, umeshika kopo la mafuta ya mgando yaliyokuwa magumu kama jiwe.

"Mwende," sauti ikasema. "Mwambie mkwe wangu maji bado iko moto. Anipashie na hii."

Mkwe wangu! Mjomba akageuka akalitazama pazia, akanitazama mimi, akasema kwa ukali wa uongo, "Si umesikia? Pasha basi."

Nimeapa sitafungua tena zawadi ya mtu kabla mwenyewe hajaifungua, na losheni yangu siku hizi naiweka kwapani mpaka ilainike, ndivyo hivyo. Birika lile halijawahi tena kuchemshia chai, niliwapelekea lingine ambalo boksi lake sikulifungua, Barasa akiwa shahidi. Harusi ni Desemba. Na ule mkono sijawahi kuushika, mila ni mila, lakini baridi ikija nikienda Gatina hutoka nyuma ya pazia ukiwa na kopo lake, na nauona haujapasuka tena.