Koti la Dhahabu la Askari wa Simuni

Ofisini kwetu Mabanga, mwenzetu akioa, sote tunashona nguo za kitambaa cha kikwembe cha aina moja. Asiyekuwa nacho husimama nyuma kabisa kwenye picha. Nami, mtu mzima mwenye ndevu, pesa ya kikwembe changu nilimnunulia koti la dhahabu askari wa mchezo wa simu.

Harusi ilipokaribia, niliwaandikia wenye mchezo wanirudishie pesa. Nilidai kwamba aliyenunua ni mtoto wa miaka tisa, bila ruhusa. Wakakubali! Pesa ikarudi, fundi akanishonea shati, na harusini Keshero nikaingia kama gavana.

"Niliwabana kwa sheria mpaka wakachoka," niliwaambia wenzangu mezani, nikafungua mchezo waone koti limeondolewa.

Mama Furaha, mhasibu wetu, akaninyang'anya simu. Akasoma kwa sauti ya kanisani: "Akaunti hii sasa ni ya mtoto wa miaka tisa. Mtoto mpendwa, muombe mzazi wako ruhusa ya kucheza."

Meza nzima ikanigeukia. Yeye akamwita mhudumu:

"Papa, ondoa bia hapa! Huyu mutoto umuletee maziwa!"