Simu za Bi Mwanaidi

Tangu nikose kazi, kila Ijumaa nampigia Bi Mwanaidi, bosi wangu wa zamani pale Gombani, ili asinisahau. Sijaona muungwana kama yeye. Namuulizia mama, watoto, karafuu zilizoanikwa, mpaka mbuzi wake wa Mgogoni, na yote anajibu. Hajapata kunikatiza hata siku moja.

Juzi asubuhi akanipigia mwenyewe. Nikasema moyoni, leo sishindwi kwa adabu! Kila akitaka kusema, namuulizia mwengine, kisha nikamuaga nisimchoshe. Akapiga tena. Mama huyu ana heshima ya ajabu! Nikaanza upya, kuanzia kwa mama yake.

Jana nikaenda ofisini kumshukuru. Kwenye meza yangu ya zamani kakaa mtu mgeni. Bi Mwanaidi akanitazama kwa huruma, ofisi nzima ikisikiliza.

"Hamadi, juzi wakubwa walitaka jina la mtu wa kuajiri asubuhi ile ile. Nilikupigia nikwambie urudi kazini. Kila nikifungua mdomo, wewe waniulizia mbuzi."

"Na hao mbuzi," nikamuuliza, "hawajambo?"